Kumaizi si Kutambua

Juzi nililetewa rasimu ya orodha ya istilahi za saikolojia ya muziki, nikaisoma ndani ya Coaster iliyotoka Makambako kupanda Njombe. Nilikwenda salama mpaka herufi U. Hapo nikakutana na "utambuzi wa wimbo pasipo utambulisho". Msomaji wangu hahitaji kuelezwa jambo lenyewe: unasikia wimbo, moyo unasema huyu si mgeni, jina lake linagoma kuja. Nani halijampata? Linalohitaji maelezo ni jinsi watu wazima, wenye chai mezani na posho mfukoni, walivyokubaliana kuliita jambo jepesi hivyo kwa maneno matano yanayogombana.

Yanagombana kwa kuwa ni ndugu. Utambuzi na utambulisho wote ni watoto wa tambua, na kumtumia mmoja kumkana mwenzake ni kama kusema "ulaji pasipo mlo". Tena tambua siku hizi limeajiriwa serikalini. Kitambulisho cha Taifa kina jina na namba. Mgeni rasmi akiombwa ajitambulishe, huanza na jina, na asipolitaja ukumbi mzima hunong'ona. Neno lililokwisha kuzoea kudai jina halifai kubeba hali ambayo sifa yake kuu ni kukosa jina.

Mjumbe mmoja wa kamati ya rasimu hiyo, ambaye sitamtaja ingawa yeye hunitaja kila kikao, alinijibu kwa gwaride la utambuzi. Shahidi, alisema, humgusa mtuhumiwa begani bila kujua anaitwa nani. Hoja nzuri, nami naikiri. Lakini polisi hawaoni mtu akiguswa begani wakaenda kulala. Jina lisipoingia jaladani, kazi haijaisha.

Neno ninalolitetea ni maizi. Sikulibuni, nimelitoa stoo tu na kulifuta vumbi. Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa mim, ya na zai, wenye maana ya kutenga kitu na vingine, kukitofautisha. Katika fiqhi, mumayyizi ni mtoto aliyefikia rika la kupambanua, akajua lenye faida na lenye madhara kabla hajabalehe. Hebu litazame neno hilo vizuri: mtoto yule hajui istilahi wala hoja za wanazuoni, lakini anapambanua. Je, mwenye kusikia wimbo na kuutenga na elfu nyingine, asijue unaitwaje, si mumayyizi wa sikio? Najua kamusi hueleza maizi kwa kutumia fahamu na tambua. Kamusi hueleza simba kwa kutumia mnyama pia, na bado hatumwiti simba "mnyama" anapotufukuza.

Kuna kundi la pili, la wapenda fahari, linalotaka "urejeo wa lahani". Hao nawaonea huruma. Lahn ya Kiarabu ni sauti ya wimbo, kweli, lakini ndiyo hiyo hiyo lahn ambayo wanasarufi huitumia kwa kosa la lugha, na walimu wa tajwidi kwa kosa la usomaji. Istilahi yenye kosa ndani ya jina lake, angalau ina ukweli.

Ushahidi wangu haukutoka mbali. Makambako kuna stesheni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Piga mluzi wa wimbo wa taifa pale jukwaani. Mtu wa Njombe atakaa wima, na abiria wa Zambia atakaa wima vilevile, kwa sababu mahadhi ni mamoja, ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, ya mwaka 1897. Waulize jina: mmoja atasema hivi, mwingine vile, maana kila nchi imeyavika maneno yake. Umaizi mmoja, majina mawili. Wa rasimu wangesema yupi katika hao amekosa utambulisho?

Au nenda kanisani. Wamisionari wa Berlin walileta Ubena, huku Njombe, tenzi zao mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo sauti hizo zinaimbwa. Sauti za tenzi zina majina yake, mbali na maneno. Ile ya Geneva ya mwaka 1551 huitwa Old Hundredth. Mwanakwaya halitaji jina hilo. Anataja namba ya kitabuni, na asipoikumbuka namba anakwambia, "Ule unaoanza hivi," kisha anaghuna, na sauti ya pili inamfuata.

Mwaka 2009 watafiti Bogdan Kostic na Anne Cleary walichapisha majaribio ya jambo hili hili. Wasikilizaji walioshindwa kutaja wimbo bado waliuona hauna ugeni kama waliwahi kuusikia hapo awali, hata ulipobakizwa mdundo peke yake. Upande wa pili iko Shazam, inayotumika tangu 2002: inakupa jina la wimbo ambao haijawahi kuupenda wala kuuchukia. Basi mgawanyo ni huo. Mashine inatambua. Binadamu anamaizi.

Matumizi: nimeumaizi wimbo, wimbo unamaizika, umaizi wa mahadhi. Yatosha.

Pingamizi lililobaki ni la kitoto, nalitaja kwa sababu lilinichoma. Nilipolipendekeza neno hili mara ya kwanza kwenye warsha, bwana mmoja aliuliza kama maizi ni ya kuchoma au ya kuchemsha, kwa vile Waingereza huyaita hivyo mahindi. Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu. Kumbukumbu za kikao ziliandika: "Pendekezo lilijadiliwa."

Coaster ilipokaribia Njombe, konda alianza kupiga mluzi wa utenzi wa zamani. Bibi aliyeketi kando yangu, niliyekwisha kusalimiana naye kwa "kamwene" ya Kibena tangu stendi, akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo.

"Bibi, unaujua huo?" nikamwuliza, kalamu tayari.

"Nimeutambua, baba," akasema. "Jina tu ndilo silijui."

Sikumsahihisha. Safari ilikuwa imebaki fupi, na konda alikuwa ameshaingia ubeti wa pili, ambao hata mimi niliutambua.